Kuskani vyeti kwa simu mpaka PDF ikubalike

Kila dirisha la maombi linapofunguliwa, liwe la mkopo wa chuo, la udahili au la ajira serikalini, maswali huwa ni yaleyale. Niskani kwa programu gani? Mbona mfumo umelikataa faili langu? Kurasa tatu tu, imekuwaje zikafika MB 14? Muhuri wa wakili umepotelea wapi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, tangu karatasi ikiwa mezani hadi faili linapopokelewa. Ni wa mwenye simu ya kawaida, awe bwenini UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au kijiji cha Mpwapwa ambako steshenari yenye skana ni safari ya bodaboda.

Steshenari bado ina nafasi yake. Skana ya mezani inaishinda simu kwa cheti kikubwa kuliko A4, au chenye maandishi yaliyofifia mpaka macho yanahangaika. Kwa mengine yote simu inatosha: ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya megapikseli 9 hivi, na kamera ya megapikseli 13 inazo na chenji inabaki. Tena vyeti vyako havibaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Andaa hivi kwanza

- Simu yenye nafasi ya MB 500 au zaidi. Simu iliyojaa hukwama katikati ya kuhifadhi, na mara nyingi haisemi chochote.
- Kitambaa laini cha pamba. Kipande cha fulana kuukuu iliyofuliwa kinafaa.
- Sehemu ya rangi nzito ya kulaza karatasi: meza ya mbao, kitenge cheusi, jalada la sanduku. Karatasi nyeupe juu ya vigae vyeupe inaichanganya programu, haioni kingo zinaishia wapi.
- Akaunti ya Google ambayo neno lake la siri unalikumbuka.
- Tangazo lenyewe la maombi. Lisome kabla hujagusa kamera: wanataka PDF au JPG, ukubwa usizidi kiasi gani, kila cheti kivyake au vyote faili moja.
- Bando kidogo. Mafaili matano ya MB 1 yanakula MB 5 na ushee.

Swali linalotangulia yote: uskani cheti halisi au kopi? Jibu liko kwenye tangazo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ambayo makao yake yako Jengo la Asha-Rose Migiro pale UDOM, huomba vivuli, yaani kopi, vya vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria au wakili, na husema waziwazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki. Kwa hiyo hapo unaskani kopi iliyokwisha kugongwa muhuri. Kuishi Dodoma hakukupi njia ya mkato: maombi yanapita kwenye mfumo, bahasha ya mkononi haisaidii.

Ukienda kutoa kopi ya kupeleka kwa wakili, ikague hapohapo dirishani. Kopi iliyotoka na mistari au rangi ya kijivujivu, ikigongwa muhuri, ikaskaniwa, ikapunguzwa ukubwa, hakuna atakayesoma namba ya mtihani. Omba itolewe upya kabla hujamlipia wakili.

Programu ipi

Kwenye Android anza na uliyonayo: Google Drive huja na simu nyingi, na ina skana ndani yake. Files by Google nayo ina kitufe cha kuskani, na inahifadhi kwenye simu yenyewe bila kugusa intaneti. Mwenye iPhone atumie Notes au Files. Hana haja ya kupakua chochote.

Adobe Scan ni nzuri, ila inadai akaunti yake. CamScanner wengi wanaijua kwa jina, lakini toleo la bure linabandika alama yake kwenye ukurasa, na cheti chenye tangazo la programu chini yake kinatia aibu. Iliwahi kuondolewa Play Store Agosti 2019 baada ya Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, kukuta kijenzi hasidi cha matangazo ndani yake. Ilirudi baada ya kusafishwa. Zaidi ya hizo kuna utitiri wa programu zenye majina kama "PDF Scanner". Yoyote inayoomba ruhusa ya kusoma SMS au majina kwenye simu yako, ikatae. Skana inahitaji kamera na mahali pa kuhifadhi, basi. SMS zako ndiko zinakoingia namba za siri za benki na za pesa za simu.

Hatua kwa hatua

1. Nyoosha karatasi. Itoe kwenye mfuko wa plastiki wa faili. Plastiki inarudisha mwanga na kuweka weupe juu ya maandishi. Kama ina mkunjo, ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Usipige pasi: wino wa mashine ya kopi ni unga ulioyeyushwa kwa joto, ukiurudishia joto unahamia kwenye pasi. Cheti kilichokwisha kufanyiwa laminesheni kisifunuliwe, utakichana. Tutakishughulikia kwenye hatua ya mwanga.

2. Futa lenzi. Usiruke hatua hii. Kiangazi cha Dodoma vumbi halisubiri ruhusa, na lenzi ya simu iliyotoka mfukoni ina vumbi na mafuta ya vidole. Puliza kwanza, ndipo ufute taratibu kwa kitambaa. Ukisugua vumbi likiwa bado juu, chembe za mchanga zinachora kioo na hapo hakuna dawa. Dalili ya lenzi chafu ni picha yenye ukungu mweupe kuzunguka herufi, hata kama imetulia.

3. Tafuta mwanga. Mwanga bora ni wa dirishani, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa haliangukii karatasi moja kwa moja. Jua la uani linachoma: nusu ya ukurasa inakuwa nyeupe, nusu ina kivuli cha kichwa chako. Kaa ubavu kwa dirisha, si mgongo. Fleshi izime, maana inaweka doa jeupe katikati na mara nyingi linaangukia juu ya jina.

   Usiku, taa moja ya darini haitoshi. Ukiinama na simu, kivuli chako ndicho kinachoskaniwa. Weka taa mbili, moja kila upande, au uombe mtu akushikie tochi ya simu nyingine kwa mbali ikimulika ukuta mweupe badala ya karatasi. Cheti cha laminesheni unakizungusha kidogokidogo mezani mpaka mng'ao uondoke, halafu hapo hapo unapiga.

4. Fungua skana, si kamera. Kwenye Google Drive bonyeza alama ya kamera iliyo chini kulia, au bonyeza alama ya kujumlisha kisha "Scan". Simu ikiwa kwa Kiswahili, tafuta "Changanua". Kwenye iPhone fungua Notes, anzisha dokezo jipya, gusa alama ya kibanio, chagua "Scan Documents". Tofauti na picha ya kawaida ni kwamba skana inatambua kingo, inanyoosha ukurasa uliopinda na kukupa PDF moja yenye kurasa zote.

5. Piga kurasa kwa mpangilio. Simama juu ya karatasi, simu iwe sambamba na meza, kimo cha sentimita 35 hadi 45. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba kila upande. Programu nyingi zinapiga zenyewe zikiona kingo. Kama inapiga mapema kabla hujatulia, zima upigaji wa kujiendesha na utumie kitufe. Mkono ukitetemeka, egemeza viwiko kwenye vitabu viwili. Ukimaliza ukurasa wa kwanza, ongeza wa pili ndani ya skani hiyohiyo. Ukitoka na kuanza upya kila ukurasa, utaishia na mafaili sita ya kuunganisha.

6. Rekebisha kingo. Vuta vile vidoa vya pembeni hadi viguse kona za karatasi. Programu ina tabia ya kudhani fremu iliyochapwa ndani ya cheti ndiyo ukingo, ikakata vilivyo nje yake. Hapo ndipo namba ya cheti, au nusu ya muhuri uliogongwa pembeni, inapoachwa nje. Hakikisha kila herufi iliyo kwenye karatasi iko ndani. Kisha zungusha ukurasa usimame wima. Mkaguzi mwenye mamia ya maombi hatageuza shingo kwa ajili yako.

7. Chagua rangi. Hapa ndipo wengi wanapoteza muhuri. Vichujio viko vya aina tatu: rangi, kijivu, na nyeusi na nyeupe.

   Nyeusi na nyeupe inatoa faili dogo kuliko yote, na kwa barua iliyochapwa vizuri haina shida. Lakini inaamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Muhuri wa bluu uliogongwa kwa wino hafifu unaonekana mweupe, unatoweka. Muhuri wa zambarau uliokolea unakuwa doa jeusi na kufunika sahihi. Kwa hiyo ukurasa wowote wenye muhuri au sahihi uskaniwe kwa rangi. Barua ya maombi iliyosainiwa kwa peni ya bluu nayo iwe ya rangi. Maelezo binafsi, yaani CV, usiiskani kabisa kama iko kwenye kompyuta au simu: ihifadhi moja kwa moja kuwa PDF kutoka Word au Google Docs. Inakuwa ndogo, na maandishi yake yanabaki maandishi.

   Onyo: Drive ina kifaa cha kusafisha madoa. Kwenye risiti ni burudani. Kwenye cheti usikiguse. Kinapaka rangi ya karatasi juu ya kile inachodhani ni uchafu, na ukipaka juu ya sehemu ya muhuri, hati yako itaonekana imechezewa.

8. Lipe faili jina. "Scan 14 Jul 09.32" halitakusaidia wiki ijayo. Tumia mpangilio mmoja: ukoo, jina, aina ya hati, mfano Ukoo_Jina_Cheti_Kidato4.pdf. Weka kistari cha chini badala ya nafasi. Epuka alama kama &, # na ile alama ndogo (') iliyo ndani ya neno kama Chang'ombe; mifumo mingine inaisoma vibaya na kukataa faili zima bila kusema kwa nini. Jina lenye ng' liandikwe bila hiyo alama kwenye jina la faili tu. Kwenye fomu yenyewe liandike kama lilivyo kwenye cheti.

9. Kagua. Funga programu, fungua faili lenyewe kutoka lilipohifadhiwa. Vuta ukurasa mpaka maandishi madogo kuliko yote yajaze kioo. Soma namba ya mtihani kwa sauti ukiwa umeshika karatasi mkononi. 3 na 8, 1 na 7, hizo ndizo zinazofanana zikififia. Hesabu kurasa. Kama kuna upande wa nyuma wenye maandishi, uwepo.

10. Pima ukubwa. Kwenye Files bonyeza faili kwa muda, kisha tazama maelezo yake. Kwenye Drive gusa vidoti vitatu, halafu taarifa za faili. Sasa linganisha na kikomo, ukiwa makini na herufi: MB 1 ni karibu KB 1,000. Mfumo ukisema KB 500, unataka nusu MB. Wapo wanaosoma "500" wakadhani wamepewa nafasi kubwa kuliko wa MB 2.

11. Punguza, kama lazima. Likiwa ndani ya kikomo, liache. Likizidi, fuata mpangilio huu na usimame pale linapotosha.

    Kwanza, skani upya kurasa zisizo na muhuri kwa kijivu. Hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya uzito, wala haihitaji kupeleka hati yako kwa mtu.

    Pili, tumia tovuti ya kubana PDF. Fungua ilovepdf.com kwa Chrome, chagua "Compress PDF", chagua faili, halafu "Recommended compression". Pakua likikamilika na urudie hatua ya 9. Ile ya "Extreme" iache kwa dharura, maana inakula mistari myembamba ya muhuri. Smallpdf na PDF24 zinafanya kazi hiyohiyo.

    Kosa kubwa hapa ni kubana kilichokwisha kubanwa. Faili likiwa bado kubwa, watu wanalirudisha tena, na tena, mpaka herufi zinakuwa kama zimelowa maji. Rudi kwenye faili la awali kila mara, ubane mara moja kwa kiwango kikali zaidi. Kwa sababu hiyo lile la awali usilifute.

    Kumbuka pia kwamba tovuti hizi zinapokea hati yako kwenye seva zao. iLovePDF husema inafuta baada ya saa mbili. Kwa cheti cha shule hilo linavumilika. Kwa kitambulisho cha NIDA, karatasi za hospitali au taarifa ya benki, baki kwenye njia ya kwanza.

12. Unganisha kama wameomba faili moja. iLovePDF ina "Merge PDF". Kwenye iPhone ingia Files, chagua hati kwa mpangilio unaoutaka, kisha "Create PDF". Lakini ukijua mapema kwamba wanataka moja, zipige zote kwenye skani moja tangu hatua ya 5, umemaliza.

13. Pakia. Tumia Chrome au Safari. Opera Mini inaokoa bando kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake, na kupakia faili kwenye fomu ndefu humo ni bahati nasibu. Hakikisha anwani inaishia .go.tz kwa taasisi za serikali au .ac.tz kwa vyuo. Mfumo wa ajira, kwa mfano, ni portal.ajira.go.tz. Kiungo kilichosambazwa kwenye kundi la WhatsApp kikiishia vinginevyo, usiweke cheti chako humo. Jaza maandishi kwanza, pakia mafaili mwisho, na usifungue programu nyingine wakati upau wa kupakia unasogea. Ukimaliza, fungua faili ulilopakia ndani ya mfumo wenyewe uone kama ni sahihi. Cheti cha kidato cha nne kwenye nafasi ya kidato cha sita ni kosa la kila siku.

14. Weka nakala. Tengeneza folda moja Drive, uite Vyeti, na uwekemo yale ya awali yasiyobanwa. Google inatoa GB 15 bure, ila hizo zinagawanwa na Gmail na Photos. Picha za harusi zikizijaza, hata barua pepe mpya haziingii. Msimu ujao hutaskani tena kitu, labda barua ya maombi peke yake.

Picha ya pasipoti na kitambulisho

Picha ndogo hutakiwa iwe JPG, mara nyingi kwa KB chache. Fungua squoosh.app kwenye Chrome. Chagua picha, upande wa mipangilio weka alama kwenye "Resize", andika upana 600, chagua MozJPEG, kisha shusha "Quality" hadi 75. Ukubwa mpya unauona papo hapo chini ya kioo. Cheza na namba mpaka ufike, ndipo upakue. Kazi yote inafanyika ndani ya simu yako, picha haitumwi popote. Kata picha iwe na uwiano sahihi kabla ya kupunguza, la sivyo mfumo utaivuta na uso utakuwa kama umebanwa na mlango.

Kitambulisho kina upana wa sentimita 8.5 tu. Ukikiskani chenyewe, programu inakitandaza kujaza ukurasa mzima wa A4 na nukta zinaonekana. Kilaze juu ya kitu cheusi, kipige kwa kamera ya kawaida mbele na nyuma, kata picha zote mbili. Zibandike kwenye ukurasa mmoja wa Google Docs, moja juu na nyingine chini, kisha kwenye menyu ya kushiriki na kuhamisha uhifadhi kama PDF. Ndiyo sura ileile ya kopi ya steshenari.

Ukilazimika kutumia kompyuta ya steshenari

Fungua dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N kwa pamoja, uingie kwenye barua pepe yako humo. Ukitumia WhatsApp Web, ukimaliza ondoka kutoka kwenye simu: menyu, "Vifaa vilivyounganishwa", gusa jina la kompyuta, ondoka. Kufunga kichupo hakutoshi. Aliyefuata kwenye kiti atasoma ujumbe wako. Faili ulilopakua lifute kwa Shift na Delete, maana Delete peke yake inalihamishia kwenye pipa la taka.

Ikigoma

*Skani imekaa Drive inasema inasubiri Wi-Fi.* Mpangilio wa Drive unaoruhusu kuhamisha mafaili kwa Wi-Fi pekee umewashwa, na wewe uko kwenye bando. Ingia mipangilio ya Drive, uuzime. Hili linawakwamisha wengi, na faili linakuwa halijapotea, limesubiri tu.

*Mfumo unasema aina ya faili haikubaliki, na mwisho wake nimeandika .pdf.* Kubadilisha jina hakubadilishi faili. Picha uliyoiita cheti.pdf bado ni picha. Ifungue kwenye picha za simu, chagua kuchapisha, na kwenye orodha ya printa chagua kuhifadhi kama PDF.

*Picha za iPhone hazipokelewi.* Zimehifadhiwa kwa HEIC, aina ya faili la picha ambayo iPhone inaitumia tangu iOS 11. Ingia mipangilio, "Camera", "Formats", chagua "Most Compatible", upige upya.

*Wakati wa kupakia silioni faili langu.* Liko Drive, halijashuka kwenye simu. Rudi Drive, vidoti vitatu, pakua. Sasa litakuwa kwenye folda ya vipakuliwa. Au ndani ya kile kisanduku cha kuchagua faili, gusa mistari mitatu ya kona ya juu kushoto uchague Drive.

*Rafiki amenitumia skani yake WhatsApp, haisomeki.* Aliituma kama picha, na WhatsApp hubana picha. Aitume upya kama hati: kibanio, kisha "Hati". PDF inatumwa hivyo bila kuguswa.

*PDF inafunguka kwangu, mfumo unaikataa.* Angalia kama ina neno la siri, kama zilivyo taarifa nyingi za benki. Ifungue kwa neno lake, chagua kuchapisha, hifadhi kama PDF mpya. Ile mpya haina kufuli. Kama haina neno la siri, shuku jina la faili. Rudi hatua ya 8.

*Barua pepe inarudi, inasema kiambatisho ni kikubwa.* Kikomo cha Gmail ni MB 25, lakini faili likisafiri kwa barua pepe linavimba kwa karibu theluthi moja. La MB 18 ndilo la mwisho kujaribu. Na upande wa pili, ofisi nyingi zina kikomo kidogo kuliko hicho.

*Upau unafika asilimia 90 na kurudi mwanzo.* Mtandao unakatika, au muda wa kukaa ndani ya mfumo umekwisha. Ondoka, ingia upya, pakia faili moja moja na uhifadhi kila baada ya moja. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho hali hiyo haina tiba: kila mtu yuko humo. Jaribu saa kumi na moja alfajiri, kama bado kuna alfajiri nyingine iliyobaki kabla dirisha halijafungwa.